Mgonjwa Hafungui Mlango

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa jikoni ili mdogo wako asinione uso. Umeuliza: "Mama, nije Tanga wiki ijayo unifunge mkaja na kunikanda, kama bibi alivyokufanyia wewe?" Nikacheka. Kisha nikanyamaza.

La kukanda ni jepesi. Wewe hukutoka kuzaa, umetoka kupasuliwa tumbo, ngozi ikakatwa na misuli ikashonwa. Maji ya moto yasikuguse tumboni, wala chupa ya moto usijiwekee. Mzazi wa kawaida akikandwa anausikia moto, ukizidi atapiga kelele. Wewe umesema mwenyewe kwamba ukijishika chini ya kitovu ni kama unashika mkono wa mtu mwingine. Mishipa ya fahamu imekatwa pamoja na ngozi, na hiyo ganzi huchukua miezi kuondoka. Pengine kipande kidogo kikabaki hivyo hivyo. Nikukande hapo, nitakubabua, na hatutajua mpaka malengelenge yatoke.

La mkaja ndilo lililonipeleka mbali. Huo mkanda wako, ambao daktari amesema ukae nao usiku na mchana kwa wiki sita hivi, kweli ni ndugu wa mkaja. Ila kazi zao mbalimbali. Wako unazuia maji yasijikusanye chini ya ngozi na unaishikilia misuli waliyoishona katikati. Bibi yako mzaa baba alikuwa akivuta kanga mpaka pumzi inakata. Angekufunga wewe na hiyo mirija yako miwili ya kutolea maji, angekuua kwa mapenzi.

Lakini mkono wake ule nautamani hata leo. Mwaka 1994, nilipopasuliwa kumzaa mdogo wako, ulikuwa na miaka sita, tukikaa Ngamiani, Barabara ya 15. Muuguzi alimkataza bibi yako kunikanda. Nilidhani atabisha. Akakaa kimya, akanifunga mkaja juu kabisa, mbali na mshono, akaniambia: "Mgonjwa hafungui mlango. Wewe kazi yako kulala na kunyonyesha." Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana mchuzi wa samaki, na wewe ukitumwa kunifukuzia nzi kwa ukili. Hayo unayakumbuka?

Siku ya kumi na moja akaenda sokoni. Nikasikia hodi. Shangazi yako, na wenzake wanne, wamekuja kumuona mzazi. Na kabla sijaitikia nikamsikia hapo barazani: "Siku hizi mtu akipasuliwa anajifanya malkia." Alisema kwa sauti ya chini, lakini ile ya chini inayokusudiwa kusikika. Nikainuka. Nikafungua mlango, nikabandika maji ya chai, nikainua sinia la vikombe sita na birika, nikawatolea huku natabasamu. Nakumbuka nilivyojiona shujaa. Usiku kanga imelowa. Upande wa kushoto nyuzi zimeachia, nikarudishwa hospitali, na kidonda kile kikaziba polepole mwezi mzima na zaidi. Bibi yako hakunigombeza. Alifua ile kanga mwenyewe, akaianika, akasema tu: "Nilikwambia nini?"

Shangazi yako nimemlaumu miaka zaidi ya thelathini, unajua. Mnaona nikimpa mkono siku ya Idi, mnadhani yamekwisha. Sasa nikikuandikia hapa nakumbuka kitu kimoja, na sikipendi. Mlango ule haukuwa na komeo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa bado hajalitengeneza. Ningesema "karibuni, piteni" nikiwa kitandani, wangepita. Chai wangejipikia, jiko walilijua. Nani aliyeniinua, basi? Ulimi wake, ndiyo. Lakini na mimi nilitaka waniangalie. Haya, tumgawie nusu kwa nusu. Hapana, yeye achukue zaidi.

Kwa hiyo nakwambia nilivyoambiwa: mgonjwa hafungui mlango. Wale pacha wako wana miaka mitatu, kila mmoja kilo zaidi ya kumi na mbili. Usimwinue hata mmoja mpaka wiki zako sita zikamilike na daktari akuruhusu. Wakikulilia, wapandishwe kitandani ubavuni mwako na mtu mwingine. Kutembea tembea, tena kila siku, chumbani na ukumbini, umejikunja hivyo hivyo kama bibi kizee. Kunyooka kutakuja kwenyewe. Hapo bibi yako angeshangaa, maana kulala tu mchana kutwa ndiko kunakogandisha damu miguuni. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi na kifua kinachoma, usinipigie mimi. Hospitali, saa hiyo hiyo. Na mirija uipime asubuhi na jioni, uandike. Amesema kila mmoja ushuke chini ya mililita 30 kwa siku ndipo autoe, usimharakishe.

Kuhusu operesheni yenyewe hukuniuliza, nami sisemi. Nimezaa watano, tumbo langu liko kama kikapu na sijawahi kuliwazia kisu. Lakini sikubeba pacha. Nilikuona Idi iliyopita ukiinuka mkekani: ulijigeuza ubavu kwanza, ukashika mguu wa kiti, na katikati ya tumbo pakachomoza tuta. Misuli imeachana, ukasema, na mgongo haukupi usingizi. Mtu mzima haogopi mkeka. Hata hivyo, fedha zile zingeezeka vyumba viwili. Na kitovu! Eti wamekiacha mahali pake, ngozi ikavutwa chini, kikatobolewa tundu jipya. Niliposikia hilo nilikaa chini. Kisha nikajiambia, kitovu chako halisi nilikizika mimi chini ya mkomamanga wa uani kule Barabara ya 15, na fedha za mkaja wangu nililipwa siku ya harusi yako, zikanunua cherehani ninayoshonea mpaka leo. Tumbo lililobaki ni lako. Nimesema sisemi.

Tanga huji. Kilomita zaidi ya mia tatu umekaa kwenye kiti, mirija ubavuni, matuta yote yale ya barabarani? Nakuja mimi. Alhamisi, basi la asubuhi, mumeo anipokee Mbezi, stendi ya Magufuli. Nina fungu la machungwa ya Muheza, maana hizo dawa za maumivu zinafunga choo, na kujikamua hutakiwi. Nimeweka na pilipili manga. Kanga naleta tatu, za kujifunika tu, usiogope.

Usije ukashuka ngazi kunipokea. Nikipiga hodi itikia hapo hapo ulipo, na asubuhi mwambie mumeo akitoka asifunge kwa ufunguo.

Mama yako