Maswali Yenu: Visu vya Kukunja vya Zamani vya Ulaya

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa kitu kimoja, visu vya mfukoni vya zamani kutoka Ulaya, na mimi hapo mnanipata kabisa manake ni kitu nakipenda toka niko mdogo. Nimechagua machache yenye faida kwa wengi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Marehemu mjomba aliniachia kisu cha kukunja chenye bapa mbili, mpini mweupe, kimeandikwa JOSEPH RODGERS & SONS, juu yake kuna taji na herufi V R. Kuna mtu ananiambia ni cha mwaka 1840 na mpini ni pembe ya ndovu. Nitajuaje kama ni kweli?

Pole sana kwa msiba ndugu yangu. Kwanza kifungue taratibu, bapa moja moja, alafu angalia pale chini karibu na maungio, ile sehemu isiyonolewa inayoingia kwenye mpini, ndo msuka huo, na hapo ndo kisu kinapojitambulisha. Mtu akikuonyesha kisu cha zamani usianze na mpini wala urembo, anza na msuka, tena na lenzi na taa ya kutokea pembeni, ukimulika moja kwa moja herufi zilizofifia hazionekani.

Joseph Rodgers walikuwa Sheffield, Uingereza, na enzi zao walikuwa wakubwa kweli, ndo waliotengeneza kile kisu cha Norfolk chenye bapa na vifaa 75 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya 1851. Alama yao ni nyota na msalaba wa Malta. Hizo V R ni za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 mpaka 1901, kwahiyo kama chapa ni halali kisu chako hakiwezi kuwa cha kabla ya 1837. Sasa huyo aliyekwambia 1840 ameshika mwanzo kabisa wa utawala wa zaidi ya miaka 63, ameutoa wapi huo mwaka? Watu wengi wanafanya hivi, wakiona alama wanachukua mwaka wa zamani kuliko yote unaowezekana. Chapa inakupa mwaka ambao kisu hakiwezi kuwa kabla yake, ni hapo tu, haikupi siku kilipozaliwa.

Angalia tena kama chini ya jina kuna neno ENGLAND. Marekani walipitisha sheria ya ushuru 1890, na kuanzia 1891 bidhaa zinazoingia kwao zikatakiwa ziandikwe nchi zilikotoka. Ndo mana ukiona V R pamoja na ENGLAND unaanza kufikiria miaka ile ya mwisho ya Victoria. Lakini ukikuta SHEFFIELD peke yake usirukie kusema basi ni cha kabla ya 1891, kwasababu sheria ile ilihusu mzigo wa kwenda Marekani, kisu kilichouzwa palepale Uingereza hakikuwa na haja ya hilo neno. Hapa ndo wakusanyaji wapya wanajikwaa sana, wanajenga hoja juu ya kitu ambacho hakipo kwenye chuma.

Hesabu na herufi pia, ni RODGERS yenye D. Jina lile liliigwa sana na watu waliotaka kuuza kwa mgongo wake, kuna mpaka visu vilivyoandikwa jina linalofanana kwa makusudi, ukisoma haraka unapita tu.

Mpini sasa. Usijaribu kuuchoma na sindano ya moto kama wanavyofundishana watu, nakuomba. Kama ni selulodi, ile plastiki ya zamani, inaweza kushika moto mkononi mwako, na kama ni pembe utakuwa umeshaitoboa. Lenzi inatosha. Mfupa wa ng'ombe una vidoti na vimistari vifupi vyeusi, ni njia za damu za zamani zile. Pembe ya ndovu haina hivyo vidoti, na ukiangalia ile ncha ya mpini ilipokatwa kwa kukingama unaweza kuona mistari miembamba inayopishana kama wavu. Selulodi ya kuiga pembe ina mistari ila imenyooka mno, imepangana kama imepigwa rula. Ukithibitisha ni ndovu, kitunze, ila usikitume nchi nyingine wala kukiuza kabla hujajua sheria, maana biashara ya pembe inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea, tangu 1975 na Uingereza wenyewe wana sheria yao ya 2018 iliyoanza kutumika 2022, wamebana mpaka vitu vya kale na vilivyoruhusiwa ni vichache.

La mwisho, linganisha bapa zote mbili. Kama moja imeliwa na jiwe la kunolea mpaka imebaki nyembamba na nyingine imejaa kabisa, yawezekana moja ilibadilishwa. Zikifungwa, mgongo wa springi ukae sawa na mpini, usizame wala kujitokeza. Na usiziachie zijifunge kwa nguvu kila saa kwasababu unapenda ule mlio, mlio ni mtamu najua, ila zisindikize na kidole.

SWALI: Mkuu, nina visu vyangu nane vya Kijerumani nimevifungia kwenye boksi la plastiki ili visipate vumbi. Juzi nimefungua kuna harufu kali ya kuchoma pua, na vitatu vimeota kutu nyekundu wakati nilivipaka mafuta! Kimoja kina mpini wa rangi kama gamba la kasa, umepasuka. Na haya maneno Rostfrei, Solingen na West Germany yaliyoandikwa kwenye visu yana maana gani?

Mtoe huyo wa gamba la kasa SASA HIVI kabla hujamaliza kusoma hili jibu. Huyo ndo mgonjwa, wenzake anawaambukiza.

Ule mpini sio gamba, ni selulodi, plastiki ya kwanza kwanza kutumika sana, inatengenezwa kwa nitrati ya selulosi na kafuri, na ilipendwa mno kwenye mipini ya visu kwasababu ilikuwa inaiga kila kitu, pembe, gamba, lulumizi, chochote. Shida yake inajiozea yenyewe ikizeeka. Inatoa gesi za oksidi za nitrojeni, gesi hizo zikikutana na unyevu zinakuwa asidi, asidi inatua kwenye chuma cha jirani. Boksi lililofungwa limezidisha tu, hewa haikuwa na pa kutokea. Mafuta hayakuweza kuzuia hiyo.

Dalili ni harufu, nyufa ndogondogo, mpini kusinyaa ukaachia pini zake, na shaba ya ndani kugeuka kijani. Ile inayoiga gamba la kasa na ile inayopitisha mwanga ndo mara nyingi inatangulia. Haina dawa, inacheleweshwa tu. Mweke peke yake sehemu ya ubaridi, kavu, gizani, penye hewa inayopita, mbali na moto, na usimfunge kwenye nailoni. Wale wazima wafute, wapake mafuta mepesi ya mashine, uwakague mara kwa mara. Mimi kila kisu chenye selulodi sikichanganyi na kingine hata kama kinaonekana kizima, na hilo nimelifanya sheria.

Umeuliza pia kuhusu maneno yaliyoandikwa. Rostfrei ni "kisichoshika kutu", na chuma cha aina hiyo Harry Brearley alikipata Sheffield 1913, kwahiyo anayekuuzia kisu cha Rostfrei eti cha karne ya 19 anakosea au anakudanganya. Waswisi wa kampuni ya visu ya Victoria waliongeza neno inox, maana yake ileile ya kutoshika kutu, kwenye jina lao 1921 wakawa Victorinox, ni stori ileile ya chuma kipya. Neno Solingen, ule mji wa visu wa Ujerumani, lililindwa kwa sheria 1938. Ukikuta West Germany hapo hakuna ubishi, nchi hiyo ilikuwepo kati ya 1949 na 1990, na wengi wanashtuka kwamba kisu cha "kale" kina umri wa baba yao tu.

SWALI: Shikamoo. Nimepata kisu cheusi tii, je nikipige msasa king'ae ndo nikiweke kabatini?

Marahaba. Hapana mwanangu, usikiguse na msasa.

Chuma cha zamani chenye kaboni kinabadilika rangi kwa matumizi, kinakuwa kijivu, bluu, cheusi. Hiyo ni ngozi yake, inakikinga kidogo, na inamwambia mkusanyaji kwamba hakijachezewa. Adui ni kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni, hiyo ndo unaitoa, kwa mafuta na kitambaa, na ikigoma tumia kijiti cha mbao laini au mfupa, polepole, unaweza kumaliza siku tatu ni sawa tu. Nilipokuwa mgeni nilikipeleka kisu kimoja kwenye mashine ya kung'arishia, kilirudi kinawaka kama kioo na msukani hakuna herufi hata moja, zimesagwa zote. Mpaka leo sijui nani alikitengeneza na sitajua kamwe, na roho inaniuma kila nikikishika.

Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi pia, dawa za kulainishia ngozi na unyevu wake zinakula chuma.

SWALI: Kisu changu cha Laguiole kina nyuki mgongoni. Ni kweli Napoleon ndo aliwapa hiyo alama?

Stori tamu ila haisimami. Napoleon alikufa 1821, na kisu cha Laguiole kinahesabiwa kuanzia 1829 na mfua visu Pierre-Jean Calmels, kule kijiji cha Laguiole, Aveyron, Ufaransa. Nyuki amekuja baadaye sana, vya mwanzo vilikuwa havina makuu. Cha kuelewa zaidi ni kwamba Laguiole lilikuwa jina la aina ya kisu, sio kiwanda, halikulindwa, vingi vizuri vya zamani vimefuliwa Thiers, mji mwingine wa Ufaransa, na sio Laguiole, na vya siku hizi vinatoka mpaka Asia. Soma jina la mfuaji kwenye msuka, nyuki muache.

SWALI: Kisu cha Kifaransa cha Opinel kisicho na pete ya kufungia bapa ni cha kabla ya 1955?

Pete ilianza 1955 kweli, ila saizi ndogo, namba 2 mpaka 5, hazina pete hata leo. Angalia namba kwanza.

SWALI: Dada yangu ana kijisu kidogo cha lulumizi, bapa jeupe laini halikati vizuri, kuna vialama vinne vitano vidogo. Ni mchezo wa watoto?

Sio mchezo hata kidogo! Hicho ni kisu cha matunda, bapa lake ni fedha halisi, manake asidi ya matunda ilikuwa inachafua chuma cha wakati ule na kuharibu ladha. Kwenye vile vialama, simba anayetembea ni fedha ya Kiingereza, taji ni Sheffield, nanga ni Birmingham, kichwa cha mfalme au malkia ni ushuru uliolipwa kati ya 1784 na 1890. Herufi moja iliyobaki ndo mwaka, na ni mwaka wenyewe hasa. Mwambie dada asikinoe.