Muulize Shangazi: Draya Nyumbani, na Nywele Zinazojikunja Kabla Jua Halijazama

Shikamoo shangazi. Nina nywele za asili, nzito, nikizivuta zinafika mabegani. Nilinunua draya ili nipunguze gharama za saluni. Nikitoka kuosha nakausha moja kwa moja, kwa joto la mwisho, zaidi ya saa nzima mpaka mkono unakufa ganzi. Zinanyooka vizuri, napaka gliserini zisikauke, lakini nikienda sokoni narudi zimejikunja zote. Je, draya yangu ni mbovu? Msomaji wa Tanga mjini

Marahaba, mwanangu. Draya yako ni nzima. Ninachoomba tuangalie ni kile unachofanya kabla hujaichomeka kwenye soketi, na hiyo gliserini.

Ndani ya kila unywele kuna vifungo vinavyoushikilia katika umbo lake. Vingine ni dhaifu: maji yanavilegeza, na unywele ukikauka huku umevutwa, vinajifunga upya katika umbo hilo la kunyooka. Vingine ni imara, vina salfa, na hivyo draya haiviwezi hata uiwashe kutwa. Vinavunjwa na dawa ya kunyoosha. Kwa hiyo unachokipata kwa draya ni cha muda, na maji yakirudi, yawe ya mvua, ya jasho au ya hewani tu, vile dhaifu vinaachia na nywele zinarudi nyumbani kwake. Tanga ni pwani, hewa yake ina unyevu mwaka mzima. Gliserini nayo kazi yake ni kuvuta maji. Ukiipaka kichwani halafu ukatoka kwenye hewa ya bahari, unayaita maji yaje kukaa kwenye nywele ulizotoka kuzikausha. Iache kwa siku ambazo umesuka. Siku ya draya tumia mafuta kidogo, ya nazi yanafaa sana, matone machache uyasugue viganjani ndipo upitishe kwenye nywele, ukianzia kwenye ncha.

Sasa lile la saa nzima. Hakuna mkono unaopaswa kuteseka hivyo, wala nywele. Nywele zikitoka kuoshwa zimebeba maji mengi, na wewe unalazimisha draya iyatoe yote. Hewa yenyewe ifanye sehemu kubwa ya kazi hiyo. Chambua nywele zikiwa bado na kondishena, kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea kwenye mashina. Fundo ulilokutana nalo lifungue kwa vidole. Suuza, kisha kamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubana tu bila kusugua. Gawa kichwa, suka mabutu makubwa sita au manane, kisha endelea na shughuli zako. Pika, fua, keti na watoto. Yakibaki na unyevunyevu tu, ndipo uchukue draya. Utashangaa, maana nywele zitakuwa zimeshaanza kunyooka zenyewe kwa sababu zilikauka zikiwa zimevutwa.

Kabla ya joto paka kinga ya joto. Kwenye orodha ya viambato vyake utakuta silikoni, majina yanayoishia na "cone". Halafu fumua butu moja tu, mengine yaache na vibanio vyake. Joto liwe la kati. Shika ncha kwa mkono mmoja uvute kiasi cha kunyoosha bila kuumia, na hewa itoke shinani kwenda ncha, isielekezwe kinyume, kwa sababu magamba ya unywele yamelala kuelekea kwenye ncha na ukiyapuliza kwenda juu yanasimama. Mdomo wa draya usitulie sehemu moja. Kile kitana cha kuchomeka mdomoni kinaharakisha kazi, lakini mimi sikipendi kwenye nywele nzito ambazo hazijachambuliwa vizuri. Nimeona wanawake wengi wakikisukuma kwenye fundo kwa nguvu, nywele zikilia, nao wakidhani hiyo ndiyo sauti ya kunyooka. Ni sauti ya kukatika.

Ukimaliza kila fungu, bonyeza kitufe cha hewa baridi ulipitishe fungu lile tena. Watu wanakiruka kitufe hicho, nami nakithamini kuliko vyote, kwa sababu umbo linashika wakati unywele unapopoa. Kisha gusa shinani. Ukihisi ubaridi wa unyevu pale kwenye ngozi, hujamaliza, na hapo ndipo kujikunja kunapoanzia.

Shangazi, nikishakausha napiga pasi. Nywele zikiwa na unyevu kidogo zinatii haraka, ila zinatoa mlio wa kuchachatika na moshi mwembamba. Rafiki yangu anasema ni mafuta yanaungua. Ni kweli? Msomaji wa Morogoro

Mwanangu, tafadhali acha leo hii. Mafuta pia yanaweza kutoa moshi, lakini huo mlio wa kuchachatika ni maji yanayochemka ndani ya unywele. Maji yanageuka mvuke kwenye nyuzi joto 100, na pasi nyingi za nywele zinafika 180 na kupanda hadi 230. Mvuke ukikosa pa kutokea unatengeneza vipovu ndani ya unywele, na pale penye kipovu pakishadhoofika unywele unakatikia hapo hapo. Utaona nywele fupi fupi zimesimama katikati ya kichwa, uhangaike kutafuta mafuta ya kukuza, kumbe nywele zinakua kila mwezi na zinakatika kila wiki.

Pasi ipite kwenye nywele zilizokauka kabisa, fungu jembamba, mara moja au mbili. Nywele laini, zilizopakwa rangi au zenye dawa zibaki chini ya 180. Nzito na zenye afya zinaweza kustahimili zaidi kidogo, ila mimi sioni sababu ya kufika 230 kichwani kwa mtu. Na jipime: osha, kisha tazama nywele zikiwa zimelowa. Zikigoma kujikunja kama zamani, zinaning'inia tu, hizo zimeungua. Hakuna kondishena itakayozirudisha, hata chupa iwe na maneno matamu kiasi gani. Zinakatwa kidogo kidogo huku mpya zikishuka.

Habari za kazi dada. Huku kwetu umeme unaweza kukatika ukiwa umekausha upande mmoja. Nifanyeje? Msomaji wa Njombe

Nzuri, mdogo wangu. Upande uliobaki suka kwa uzi. Bibi zetu walinyoosha nywele hivyo bila soketi yoyote: gawa fungu, funga uzi shinani, zungusha kwa kubana mpaka kwenye ncha, funga. Zikikauka ukizifumua zimenyooka, na joto halikuzigusa hata kidogo. Kwa baridi ya Njombe zinachelewa kukauka, kwa hiyo anza mchana. Usivute mpaka ngozi ya paji la uso ipande juu, kwa sababu mvuto wa namna hiyo ukirudiwarudiwa unaua mashina ya pembeni, na nywele za pembeni zikifa moja kwa moja hazioti tena. Wengi wakishazoea uzi wanaisahau draya kabatini, nami siwalaumu.

Shangazi, dada yangu ameniletea draya nzuri kutoka Marekani. Niliichomeka kwa adapta, ikanguruma kwa nguvu sana, ikatoa harufu ya kuungua. Sijaigusa tena. Vilevile naogopa LUKU. Msomaji wa Mbagala

Umefanya vizuri kutoigusa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unaopita ni ule ule, kwa hiyo ulikipa chombo karibu mara mbili ya kile kinachoweza kuhimili. Soma maandishi kwenye mpini. Kama yameandikwa 120 peke yake, hapa haifai bila transfoma kubwa, na transfoma ya kubeba draya ni nzito na ghali kuliko draya yenyewe. Nunua ya hapa. Ile iliyotoa harufu usimpe mtu mwingine aijaribu.

Kuhusu LUKU, angalia wati. Draya ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa kwa nguvu zote inakula yuniti 1. Ukiyakausha mabutu kwanza kama nilivyomweleza mwenzako wa Tanga, hufiki huko. Na usikaushie bafuni wala ukiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Shikamoo mama. Mimi ni baba, mke wangu yuko masomoni. Binti yetu ana miaka sita, ana mahafali ya chekechea, anataka nywele "za kushuka". Jirani amejitolea kumpaka dawa. Nikubali? Msomaji wa Dodoma

Marahaba, baba. Mshukuru jirani kwa wema wake, na ukatae. Dawa za kunyoosha zina kemikali kali, nyingine zina magadi yenye nguvu ya kuunguza ngozi, na ngozi ya kichwa cha mtoto bado ni laini. Pasi pia hapana, kwa sababu mtoto hutikisa kichwa.

Unaweza kumfanyia wewe mwenyewe, na nimefurahi sana kwamba umeuliza. Jioni ya kabla ya siku ile, muoshe, paka kondishena nyingi, chambua taratibu ukiwa umeshika fungu kwa juu ili mvuto usifike kwenye ngozi. Akisema "baba inauma", simama, ongeza maji. Suka mabutu, au msokote misokoto ya nyuzi mbili ambayo ni rahisi kwa mkono usiozoea. Ukitaka draya, iwe hewa ya uvuguvugu tu, na uipitishe kwanza kwenye kiganja chako kila mara. Dodoma hewa ni kavu, nywele zitakauka haraka na zitadumu hivyo kuliko zingekuwa Dar es Salaam. Kwa hewa hiyo usisahau mafuta kidogo kwenye ncha.

Mfunge kitambaa cha satini alale na mabutu yake. Asubuhi aoge kwanza, avae gauni, ndipo ufumue. Ukifumua kabla ya kuoga, mvuke wa maji ya moto utazikunja zote kabla hamjafika shuleni.