Usisaini hiyo fomu ya taa za mnara kabla hujaizima taa mwenyewe

Mkuu, simama hapo hapo.

Umeandika umepewa minara ya mita 45 na mita 72 ukague taa za tahadhari kwa ndege, na mkandarasi mkuu kakuelekeza uende mchana, uzibe fotoseli (kihisi mwanga kinachowasha taa giza likiingia), upige picha taa ikiwaka, utie tiki, uondoke. Unauliza utoze shilingi ngapi kwa saiti, kama droni itakuokoa kupanda, na ubebe vifaa gani. Mimi nimekwama kwenye "piga picha, tia tiki", maana hapo ndipo hela za mafundi huwa zinayeyukia. Taa kuwaka siku ya ukaguzi si habari. Siku hiyo wewe upo. Habari ni nani atajua ikizima saa nane usiku wewe ukiwa umelala kwako.

Kwa hiyo taa hujaikagua mpaka uikate kwa makusudi, na NOC (chumba cha kampuni kinachofuatilia alamu za saiti kwa mbali) wakupigie wao kwamba kuna taa imezima kwenye saiti yako. Mengine yote ni mapambo.

Shida iko kwenye waya mbili. Ndani ya boksi la kidhibiti kuna relei (swichi inayovutwa kwa umeme) ya alamu yenye skrubu tatu: C ya pamoja, NO inayoungana na C relei ikivutwa, na NC inayoungana na C relei ikiachia. Kidhibiti cha maana hushikilia relei ikiwa imevutwa muda wote mambo yakiwa sawa. Taa ikifa au umeme ukikatika, relei inaachia. Hapo waya zako zinatakiwa zitoke C na NO, ili mambo yakiwa sawa saketi iwe imekamilika, na chochote kinachoikata kiwe alamu: taa kufa, breka kuruka, panya kula waya, mtu kuchomoa. Sasa fundi mwenye haraka anachukua C na NC, anapima kwa multimita, anaona inabadilika, anafurahi. Kwa mfungo huo, mambo yakiwa sawa saketi imekatika. Waya ukikatika kweli, NOC wanaona kijani tu mpaka kiama. Vidhibiti vya bei chee ni vibaya zaidi: relei yake huvutwa pale tu hitilafu inapotokea, yaani kinahitaji umeme ili kiseme umeme umekatika. Ni sawa na kumuuliza aliyezimia anaumwa wapi.

Ukimaliza hapo, kuna upande wa pili wa waya, kwenye bloku ya alamu za saiti. Pembejeo ya alamu, yaani pale waya zako zinapoingia, lazima iwe imewekwa ilie saketi inapokatika, na jina lake liwe la taa. Utakuta taa imeunganishwa kwenye pembejeo iliyoandikwa "mlango wa shelta", mlinzi anapigiwa simu usiku aangalie mlango, anasema umefungwa, tiketi inafungwa. Taa hiyo imekufa zake huko juu.

Na kuna hili ambalo hata wazoefu hulisahau. Taa nyekundu huzimwa na fotoseli kila asubuhi. Kidhibiti kinachopima mkondo bila kujua kama ni usiku au mchana kitapiga alamu kila siku kunapokucha. Kijana wa NOC anavumilia wiki ya kwanza, wiki ya pili anaificha alamu kwenye mfumo, na simlaumu. Kwa hiyo waulize kwa maneno: alamu ya taa ya saiti hii imefichwa? Tangu lini, na kwa nini?

Sasa kazi yenyewe. Piga NOC kwanza, wakufungulie tiketi ya majaribio na wakusomee hali ya alamu kabla hujagusa kitu. Ziba fotoseli kwa utepe mweusi tabaka mbili, si kiganja, kiganja kinapitisha mwanga. Subiri, maana nyingi zimewekewa ucheleweshaji ili radi au taa za gari zisizidanganye. Taa zikiwaka zote, kata moja moja kwenye boksi la maungio, ukianza na ya juu. Usikate breka kuu ukasema umepima taa zote! Kama kidhibiti kina alamu moja ya jumla, sawa, lakini kila taa peke yake lazima iweze kuiamsha. Taa ndogo ya katikati hula mkondo kidogo sana, na kama kiwango cha kuamsha alamu kimewekwa kizembe kwenye mkondo wa jumla, itakufa na hakuna atakayejua. Kila ukikata, toa hata dakika 15, kwa sababu mfumo nao una ucheleweshaji wake. Rudisha, hakikisha alamu imefuta, nenda inayofuata.

Baada ya hapo angusha breka kuu ya taa. Kisha irudishe, na uchomoe waya wa alamu wenyewe kwenye skrubu. Jaribio hili la mwisho ndilo kila mtu hulikwepa, na ndilo linalofichua mfungo wa C na NC. Zima na umeme wa gridi, uone taa zinaendelea kwa betri bila kupepesa. Kwenye fomu ongeza safu zako kwa kalamu: saa uliyokata, saa NOC walipopata, namba ya tiketi. Mkandarasi akizikataa safu hizo, mwambie asaini yeye.

Maana nakwambia kinachofuata. Taa ya juu inakufa, dashibodi kijani, hakuna anayewaarifu TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania), kwa hiyo hakuna NOTAM (tangazo la tahadhari kwa marubani), na marubani hawana taarifa. Anayekuja kuligundua ni mtu wa nje. Hapo mteja anavuta fomu na kukuta sahihi yako, si ya mkandarasi mkuu. Unarudia saiti zote kwa mafuta yako, raiga wako (mpanda mnara) na posho zako, na malipo ya awali yanakatwa. Yule aliyekwambia "ni tiki tu, kaka" simu yake itakuwa haipatikani. Watu hawa wanakaa kwenye kiyoyozi, wanatunga fomu yenye swali moja, "Taa inawaka? Ndiyo/Hapana", halafu wanaiita ukaguzi. Mwenzao ni muuza taa anayekuapia LED haifi. LED kweli inadumu, kinachokufa mara nyingi ni draiva yake (saketi inayoilisha umeme) na kinga ya radi, na vikifa taa ni chupa. Mtasema nina kisirani. Sawa, lakini kimelipiwa.

Marekani, kanuni za FCC (mamlaka ya mawasiliano) zinataka taa ziangaliwe angalau mara moja kila saa 24, kwa macho au kwa kiashiria cha kujiendesha, na taa inayomweka ikizima FAA (mamlaka ya anga) waarifiwe mara moja kama haikurekebishika ndani ya dakika 30. Kile kiashiria chenyewe nacho hukaguliwa kila miezi mitatu. Wenzetu wanakagua alamu, sisi tunapiga picha taa.

Picha yenyewe inadanganya. Taa ya ukali wa kati kwa kiwango cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) inatakiwa kuwa na upana wa mwale wa wima usiopungua nyuzi 3 tu. Breketi ikipinda kidogo kuelekea chini, wewe uliye getini unaiona kali kuliko kawaida, na rubani aliye usawa wake anaiona hafifu. Beba pima maji, weka kwenye kitako cha taa pande mbili. Droni haina mkono wa kufungua boksi wala kuweka pima maji, kwa hiyo hanesi na lanyadi mbili (mkanda na kamba za usalama za kupandia) ziko pale pale.

Minara yako ya mita 72: juu iwe taa nyekundu ya kumweka, kandela 2,000, mara 20 hadi 60 kwa dakika, na katikati, kama mita 36, taa isiyomweka ya kandela 32, maana nafasi kati ya ngazi za taa haitakiwi kuzidi mita 52. Ile ya mita 45 pima urefu wake pamoja na fimbo ya radi na antena zilizoongezwa juu. Taa ndogo (ya ukali mdogo) peke yake ni kwa kitu kilicho chini ya mita 45, na mingi inayoitwa "ya 45" imeshavuka.

Mkondo wa LED inayomweka upime kwa klampu mita ya DC (kipimo kinachobana waya) yenye kushika kilele cha mkondo, ulinganishe na uliorekodiwa siku ya kufungwa. Ukishuka sana, kuna safu ya LED imekufa ingawa macho yanaona nyekundu. Saiti za volti 48 chanya ndiyo iko kwenye ardhi, usigeuze waya. Kebo iingie boksini kwa tundu la chini, ikiwa imening'inia kidogo kabla ya glandi (kibano cha kebo kwenye tundu) ili maji yadondokee nje.

Na ule utepe mweusi wa fotoseli, utoe kabla hujafunga geti.