Si Kila Mafua ya Dodoma ni ya Vumbi

Nilipohamia Dodoma kutoka Tanga mwaka 2014, majirani waliniambia kwamba mafua ya hapa ni ya vumbi na kwamba nitazoea. Nilizoea kweli, hata nikawa mimi ndiye ninayewaambia wageni maneno hayo. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba maneno hayo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo inayowalaza watoto wodini.

Kilichonifumbua macho ni daftari la shule ambalo nililianza kwa hasira. Mwanangu wa pili alikuwa amepewa antibayotiki mara tatu ndani ya miezi minne katika duka moja la dawa, kila mara kwa mafua na kikohozi, na kila mara alipona baada ya wiki moja hivi, jambo ambalo yaelekea lingetokea hata bila dawa, kwa kuwa antibayotiki hupambana na bakteria na haina nguvu juu ya virusi. Nikaanza kuandika tarehe, dalili, hali ya hewa, na nani ndani ya nyumba aliugua kwanza na nani akafuata.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi, kisha huja upepo unaotimua vumbi hadi mvua zirejee. Nilitarajia daftari lijae miezi ya baridi na vumbi, na mwezi wa mvua ubaki mweupe. Sivyo ilivyokuwa.

Mafua ya vumbi yalikuwepo: kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha, makamasi mepesi kama maji, bila homa, tena kwa mtu yule yule kila upepo unapovuma. Aina ya pili ilikuja na homa na maumivu ya mwili, na baada ya siku mbili au tatu ikamkamata mwingine, kisha mwingine. Hiyo ndiyo iliyorundikana wiki chache baada ya shule kufunguliwa Januari, mvua zikiwa zimekolea, na ikarudi kwa kiasi kidogo Julai.

Daftari la familia moja si utafiti, lakini linaafikiana na yanayojulikana kuhusu nchi za tropiki. Ulaya virusi vya influenza, yaani vya mafua makali yenye homa, hupanda majira ya baridi, hewa inapokuwa baridi na kavu na watu wamejifungia ndani. Huku kwetu huzunguka mwaka mzima, na katika maeneo mengi hupanda wakati wa mvua, huku kwingine vikipanda mara mbili kwa mwaka. Virusi vya RSV, vinavyobana vijia vyembamba vya hewa vya watoto wachanga, navyo katika nchi nyingi za tropiki huandamana na mvua. Sababu moja haihitaji maabara: panda daladala ya kwenda Ihumwa mvua ikinyesha, uone madirisha yote yalivyofungwa na abiria wanavyokoholeana shingoni.

Kwa hiyo swali ninalouliza kwanza siku hizi ni kama kuna homa, na kama kuna mwingine nyumbani anayeugua. Jibu likiwa ndiyo, mtoto habebi begi kwenda shule, dirisha la upande usiopigwa na mvua linabaki wazi, na anayekohoa hambebi mtoto mchanga, hata kama ni dada yake na anamlilia. Mafua mepesi ya mtoto wa darasa la kwanza yanaweza kuwa shida kubwa kwa mtoto wa miezi miwili.

Jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo uone kifua na uhesabu kwa dakika nzima kwa saa. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, usihesabu chochote; ondoka naye, hata kama ni usiku. Hakikisha pia amepata chanjo ya nimonia iliyoingizwa nchini mwaka 2013. Haizuii virusi, lakini humkinga na bakteria ambao mara nyingi hufuata nyuma yao.

Vumbi nalo lina dawa yake, nayo ni kunyunyiza maji uani kabla ya kufagia. Ila kikohozi kikivuka wiki mbili, usikiite tena cha vumbi; nenda ukapimwe kifua kikuu.