Nilikunywa juisi ya blakikaranti miezi mitano na damu ikashuka

Juzi nimepata meseji ya msomaji mmoja, kaandika hivi: "Dada, nimepima damu iko chini, jirani kaniambia ninywe juisi ya blakikaranti kila siku itapanda fasta. Ni kweli?" Nimeisoma mara tatu roho inaniuma, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka minne iliyopita.

Hemoglobini yangu, kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 8.6. Nikipanda ngazi kidogo tu moyo unadunda kama nimekimbizwa, kucha zinakatika zenyewe, usingizi hauniishi. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, vikanivuruga tumbo nikaviacha kimya kimya bila kumwambia mtu. Nikakomaa na juisi ya chupa yenye picha ya yale matunda meusi, nikajiambia kitu chenye rangi ile lazima kiwe damu tupu. Miezi mitano, asubuhi na jioni, na wenzangu kazini nikawa nawashauri kwa kujiamini kabisa. Narudi kupima, 8.1. Yaani imeshuka! Nililia pale pale kwenye korido.

Siku hiyo hiyo nikageuza chupa nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Maji, sukari, asidi, rangi, ladha, na juisi ya tunda lenyewe asilimia tatu. Tatu jamani. Hadi leo nikiikumbuka ile picha nzuri ya mbele napata hasira.

Basi nikaanza kulisoma tunda lenyewe. Blakikaranti ni tunda la kichaka cha nchi za baridi, Ulaya na kaskazini mwa Asia, dogo kuliko zabibu, chachu kwelikweli. Na usichanganye na zile zabibu kavu ndogo nyeusi zinazouzwa kwa jina la karanti, zile ni zabibu za kawaida zimekaushwa na vitamini C yake ni kidogo mno, mi mwenyewe nilishazinunua nikidhani nimepata dili.

Sasa sikia: gramu 100 za blakikaranti mbichi zina kama miligramu 180 za vitamini C, chungwa kwa uzito huo huo lina kama 50. Mwanamke mzima anahitaji kama 75 kwa siku, kwa hiyo hata gramu 50 tu zimekutosha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa haipati machungwa kwa urahisi sababu meli zilikuwa zinazamishwa baharini, serikali ikahimiza wakulima walime blakikaranti na watoto wakawa wanapewa sharubati yake bure. Kwa hiyo sifa ya hili tunda haikutoka hewani.

Ila madini ya chuma? Miligramu 1.5 hivi kwa gramu 100, wakati mwanamke aliye kwenye umri wa hedhi anashauriwa apate kama 18 kwa siku. Ule weusi unatokana na anthosiyanini, rangi ya mimea iliyojaa kwenye ganda, nzuri yenyewe lakini siyo chuma na wala siyo damu. Hapa ndo wengi tunapotea, tunaona rangi tunaita damu.

Kazi yake kwenye damu inapita mlango mwingine. Chuma cha maharage, dengu na mboga za majani utumbo unakipokea kwa shida, vitamini C ikiwepo kwenye mlo huo huo kinaingia vizuri zaidi. Huo huo mlo, siyo ule asubuhi kisha tunda jioni. Na usilichemshe, vitamini C inaharibika kwa moto na inayeyukia kwenye maji unayomwaga. Yaliyogandishwa yanafaa sana, ndo niliyokuwa natumia mimi, kiganja kimoja na mlo, na ganda lake bila kuchuja.

Nikarudi kwa daktari nikakiri kila kitu, akanibadilishia aina ya vidonge, akatafuta na chanzo (hedhi yangu ilikuwa nzito kupita kiasi na nilishaizoea nikaona kawaida). Miezi minne baadaye, 12.4. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Vidonge ndo vilibeba mzigo mkubwa, tunda lilisaidia, nalipenda na nitaendelea kulila, lakini sitaki mtu atoke hapa anasema dada kasema blakikaranti inatibu upungufu wa damu.

Acheni kunywa rangi jamani! Geuza chupa, soma nyuma, ukiona sukari iko mbele ya tunda rudisha. Usiache dawa kwa sababu ya jirani. Kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande, muulize daktari kabla hujaanza virutubisho vya blakikaranti au vidonge vya mafuta ya mbegu zake. Na kama hulipati usihangaike kulitafuta, pera lina vitamini C nyingi hata kulizidi.

Mdogo wangu uliyeniandikia, hukuniambia kama ulipewa vidonge. Ulipewa? Na unavimeza, au umeviweka kabatini kama mimi? Nijibu leo tafadhali.