Maswali ya Wasomaji: Usiuze bomba la zamani kabla hujapima

Barua ya kwanza, kutoka Malava

*Mulembe, Mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na nimejenga matanuri sita ya sukari nguru huku kwetu. Mwaka jana nilijenga moja ambalo moshi wake hauendi moja kwa moja kwenye chimni. Unapita kwanza chini ya karai la kupashia maji ya miwa, kisha chini ya sakafu ya mabati tunapoanika makapi. Mwenye kiwanda anasema hanunui kuni tena, hata msimu wa mvua. Nasikia serikali inawapa ruzuku wavumbuzi wa mitambo ya viwandani inayookoa nishati, na kwamba Marekani walianza zamani. Nimwandikie nani? Na nikiwaonyesha, hawataniibia?*

Mulembe muno, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikalichora tanuri lako ili nijue kama nimelielewa. Nimelielewa, na ni kazi nzuri. Makapi yakitoka kwenye krasha (mashine ya kukamua miwa), karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiyatia motoni hivyo, moto unaanza kwa kuyakausha kabla haujafanya kazi nyingine yoyote, na kila kilo ya maji inayogeuka mvuke inameza karibu megajuli 2.3 za joto. Kwenye karai nako kuna mzigo uleule, kwa sababu katika kilo 100 za maji ya miwa, karibu 80 ni maji matupu ya kufukuzwa. Wewe umeukamata moshi uliokuwa ukipotea angani ukaupa kazi mbili kabla ya kuuachilia.

Lakini barua yako haina kipimo hata kimoja. "Hanunui kuni tena" ni ushahidi wa kutosha kwangu, kwa kuwa nimekaa mbele ya boila miaka 26 na najua maana yake. Kwa watu wa ruzuku haitoshi. Watakuuliza: kabla ya hapo, kilo moja ya nguru ilikuwa inakula kilo ngapi za makapi na ngapi za kuni? Na sasa?

Najua watauliza hivyo kwa sababu mimi waliniuliza. Nilikuwa mwendesha boila katika kiwanda kimoja hapa Kisumu. Kila zamu tulikuwa tunamwaga maji ya moto kutoka chini ya boila ili kuondoa matope na chumvi, na joto lile liliniuma moyoni likienda mtaroni. Nikatengeneza koili, nikaipitisha katika maji yale, maji mapya yakawa yanaingia kwenye boila yakiwa na joto tayari. Mkononi tuliona tofauti siku ya kwanza tu. Nikaomba ruzuku. Baada ya miezi mingi likaja jibu la mistari minne: tuonyeshe matumizi ya mafuta kabla ya mtambo wako. Hesabu ya "kabla" sikuwa nayo. Mabomba ya zamani nilikuwa nimeshayakata na kuyauza kwa kilo pale soko la Kibuye, na hakuna aliyekuwa ameandika mafuta ya kila zamu. Yule aliyenijibu hakunikosea, ingawa ilinichukua muda kukubali. Koili ile bado naikumbuka kila weldi yake.

Wewe "kabla" yako bado ipo, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu. Chomeka bati kwenye njia ya moshi ili uende chimni moja kwa moja, tanuri lirudi kuwa la zamani. Pika hivyo siku tano, kisha toa bati, upike siku tano nyingine. Kila asubuhi pima makapi na kuni zinazoingia motoni, pima maji ya miwa yanayoingia kwenye karai, na jioni pima nguru iliyotoka. Miwa itoke shamba moja. Andika mvua ikinyesha. Andika pia siku iliyoharibika, hata krasha ikikwama, maana daftari lisilo na siku mbaya haliaminiki. Yote yaingie katika kaunta buku moja kwa kalamu ya wino, na mwenye kiwanda atie sahihi kila ukurasa.

Ukishapata hesabu hiyo, ndipo uandike. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha KENIA, wakala wa ubunifu wa taifa, na pia Mfuko wa Utafiti wa Taifa. Wewe anza na KENIA. Mfuko umezoea kuzungumza na watafiti wa vyuo, kwa hiyo ukiutaka, ingia pamoja na chuo. Masinde Muliro iko Kakamega, matatu moja tu kutoka kwako. Nenda na daftari, si na simulizi. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, nayo ina tawi Kisumu, na maneno ya mhandisi wake kuhusu vipimo vyako yatakuwa na uzito kuliko yangu na yako. Na sheria hiyo iliuahidi Mfuko asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Mbunge yeyote wa huku magharibi nikikutana naye namkumbusha.

Usitie katika bajeti fedha ulizokwisha kutumia. Ruzuku kwa kawaida hulipia kazi iliyo mbele, tena kwa awamu, na awamu ya pili huja baada ya risiti za ya kwanza. Omba fedha za vipimajoto, mizani nzuri, na tanuri la pili la majaribio.

Kuhusu Marekani, ni kweli. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, sheria yao ya 1974 iliiagiza taasisi ya vipimo ya taifa ikague uvumbuzi wa nishati, hasa wa watu binafsi na kampuni ndogo, na uliofaa upendekezwe kwa serikali usaidiwe. Angalia mwanangu: kazi walipewa watu wa vipimo.

Sasa wizi. Kabla ya kumwonyesha mtu mwingine, nenda KIPI, taasisi inayosajili uvumbuzi. Hataza (patenti) hulinda miaka 20, lakini lazima kazi yako iwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi mwenzako asingeiona kirahisi. Kuna kinga ndogo zaidi, yutiliti modeli, ya miaka 10 isiyoongezwa, inayotaka tu kitu kiwe kipya na kifae kiwandani. Kwa tanuri lako ningeanzia hapo. Kama tayari umelionyesha watu, sheria yetu inakupa miezi 12 tangu ulipolionyesha. Ulaya hawakupi hiyo nafasi. Wewe ulijenga mwaka jana, kwa hiyo hesabu miezi yako leo, si kesho.

Barua ya pili, kutoka Nakuru

*Mimi na mwenzangu tumeunda kifaa cha kufunga kwenye trapu za stimu, kinalia trapu ikianza kuvujisha. Fomu ya ruzuku inauliza "soko ni lipi?" Tujibu nini?*

Dada, swali hilo mmeliogopa bure. Trapu kazi yake ni kutoa maji na kuizuia stimu. Ikikwama wazi, stimu iliyokwisha kulipiwa inaenda nje usiku na mchana, na katika kelele za kiwanda hakuna anayesikia. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinakitaka kiwanda kinachotumia uniti 180,000 na zaidi kwa mwaka kikaguliwe kila miaka mitatu, kisha kitimize angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Soko lenu ni hao waliobanwa na sheria. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina kituo cha nishati tangu 2006 kinachokagua viwanda. Waendeeni. Kisha tafuteni meneja mmoja wa Nakuru awaandikie barua ya kuwaruhusu kufunga vifaa kumi kwake, na hiyo barua muibandike mbele kabisa ya ombi lenu.

Barua ya tatu, kutoka Obunga, Kisumu

*Mama, nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara. Jiko langu nimelijenga mwenyewe kwa matope na chimni, linatumia mafungu mawili ya kuni badala ya matatu. Sikumaliza shule. Hiyo ruzuku ni ya watu kama mimi?*

Mama mwenzangu, KIPI hawaulizi ulifika darasa la ngapi, wanauliza umevumbua nini. Na wewe ndiye pekee wiki hii aliyeniandikia kabla na baada. Mafungu ya kuni hayalingani, ndiyo kasoro pekee, na hilo nitakusaidia. Kama lile jiko la zamani bado liko nyuma ya nyumba, usilibomoe. Jumamosi asubuhi nakuja Obunga na mizani yangu. Usiwashe moto kabla sijafika.