Fomula unayoiandika kwa skripti bado haijahesabiwa

Kuna siku nilimtumia bosi ripoti ya mauzo jioni, faili la Excel lenye mistari kama mia nne hivi, lote limetengenezwa na skripti ya Python (programu fupi niliyoiandika mwenyewe), mi mwenyewe nimelifungua kwenye kompyuta nimeona jumla zote ziko sawa, nikazima mashine nikaenda zangu. Haikuisha nusu saa simu inaita. "Mbona kila kitu sifuri?" Alikuwa amelifungulia kwenye simu, humohumo ndani ya barua pepe, na kolamu nzima ya jumla ilikuwa 0, 0, 0 mpaka chini.

Usiku ule nilikaa kutafuta kosa kwenye fomula zangu na fomula hazikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa kwamba sikuelewa faili lenyewe linabeba nini, na nimeona watu wengi sana wanaoanza hii kazi wanajikwaa palepale, ndo maana naandika.

Iko hivi. Seli yenye fomula ndani ya faili la xlsx, yaani faili la kawaida la Excel, inahifadhi vitu viwili, fomula yenyewe na jibu lililopatikana mara ya mwisho. Ukiandika fomula kwa mkono kwenye Excel afu uka-save, vyote viwili vinaingia. Ila laibrari kama openpyxl au XlsxWriter, yaani vifurushi vya Python vya kuandika faili za Excel, haina injini ya hesabu, yenyewe kazi yake ni kuandika tu. Ukisema ws["D2"] = "=B2*C2" openpyxl inaweka yale maandishi na sehemu ya jibu inabaki tupu, XlsxWriter yenyewe inaweka 0 kwenye jibu halafu inaacha alama kwamba Excel ikifungua ihesabu upya. Mimi nilipofungua kwenye kompyuta Excel ikahesabu nikaona namba nzuri, nikafunga bila ku-save, kwa hiyo lile faili nililotuma bado lilikuwa na sifuri zake. Programu ya simu inayoonyesha tu faili bila kuhesabu imeonyesha ilichokikuta. Hata Excel yenyewe, faili likitoka kwenye barua pepe na likafunguka kwenye ile hali ya kusoma tu yenye kibao cha njano juu, namba hazihesabiwi mpaka mtu abonyeze kuruhusu kuhariri.

Sasa kabla hujaandika fomula hata moja jiulize, huyu anayepokea anaenda kubadilisha kitu humu ndani au anasoma tu? Kama anasoma tu, piga hesabu kwenye skripti uandike namba yenyewe, basi. Fomula weka pale ambapo mtu atabadilisha bei au idadi na anataka jumla ifuate. Mi mwanzoni nilikuwa naweka fomula kila mahali kwa sababu inaonekana ya kitaalamu, siku hizi pengine robo tu ya seli zangu ndo zina fomula na malalamiko yamepungua sana.

Kama fomula lazima iwepo na jibu lazima lionekane hata kwenye simu, kuna njia mbili nazitumia. XlsxWriter inakubali umpe jibu mwenyewe, yaani kwenye write_formula unaongeza value na ile namba uliyoihesabu kwenye Python, kwa hiyo anayefungua kwenye simu anaona jibu na anayefungua kwenye Excel anapata fomula hai. Kwa openpyxl huwa napitisha faili kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Office, bila kufungua dirisha, soffice --headless --convert-to xlsx --outdir tayari ripoti.xlsx, inalifungua inahesabu inahifadhi kwenye folda ya tayari, na faili linalotoka lina majibu ndani. Usilitume kabla hujalifungua ukaangalia.

Hapohapo kuna mtego mwingine wa openpyxl ambao unauma zaidi. Ukifungua faili na data_only=True unapata majibu badala ya fomula, safi kabisa kwa kusoma, na kama faili halijawahi kufunguliwa na kuhifadhiwa na kitu kinachohesabu unapata None, yaani hakuna kitu. Lakini ukishalifungua hivyo afu ukaja uka-save kwa jina lilelile, fomula zote zimekwenda, zimebaki namba kavu, na hakuna wa kukuambia. Nimeona faili la bajeti la mtu mwingine, la miaka mitatu, likiharibika hivyo kwa mstari mmoja wa skripti. Sheria yangu ni kwamba faili lililofunguliwa na data_only halisemi save, kamwe. Na kinyume chake pia kipo, ukilifungua kawaida uka-save, fomula zinabaki ila majibu yaliyokuwemo yanapotea mpaka Excel ihesabu tena, kwa hiyo usishangae skripti ya pili inayosoma faili hilo ikianza kupata None.

Kuhusu kuandika fomula yenyewe, kwenye faili la xlsx majina ya fanksheni ni ya Kiingereza na kitenganishi ni koma, hata kama Excel yako wewe imewekwa lugha nyingine na ukiandika kwa mkono unatumia nukta mkato. Ukiweka nukta mkato kupitia openpyxl, Excel itakuambia faili lina tatizo linahitaji kurekebishwa, na ikirekebisha maana yake imefuta fomula yako. Google Sheets ni tofauti kidogo, kule fomula inasomwa kama vile mtu kaichapa mwenyewe, kwa hiyo mpangilio wa nchi wa lile faili una kauli, kama desimali zake ni za koma basi vitenganishi vya fomula vinakuwa nukta mkato.

Fanksheni mpya ndo zinasumbua watu kimyakimya. Unaandika =XLOOKUP(...), ile ya kutafuta thamani kwenye jedwali, kwa skripti, unafungua Excel unakuta #NAME?, unaingia kwenye seli, fomula iko sawa herufi kwa herufi, unabonyeza Enter bila kugusa kitu na inafanya kazi! Nilishinda siku nzima na hiyo. Sababu ni kwamba fanksheni ambazo hazikuwemo kwenye vipimo vya mwanzo vya muundo wa faili zinahifadhiwa na kiambishi, kwa hiyo unatakiwa uandike =_xlfn.XLOOKUP(...) na Excel ikionyesha inakificha hicho kiambishi. Dalili ikiwa ni hiyo ya Enter kuponya, usitafute kwingine.

Kwenye API ya Google Sheets, yaani njia ya skripti kuandika kwenye shiti, kila kitu kinaanzia kwenye valueInputOption, chaguo linalosema data yako isomwe vipi. Ukiweka RAW, "=B2*C2" inakaa kama maandishi na watu wanaiona hivyohivyo kwenye shiti, ukiweka USER_ENTERED inakuwa fomula. Watu wakishajua hilo wanaweka USER_ENTERED kwa kila kitu, hapo nakukataza kabisa. USER_ENTERED inatafsiri data nayo, namba ya bidhaa 00714 inakuwa 714, msimbo kama 3-4 unageuka tarehe. Na kibaya zaidi, kama unaandika maoni yaliyoandikwa na watu kwenye fomu, mtu akianza maandishi yake na alama ya sawasawa, hiyo inakuwa fomula hai ndani ya shiti lako, na Google Sheets ina fanksheni zinazoita anwani za nje kwa hiyo data yako inaweza kutoka bila wewe kujua. Mimi natuma maombi mawili, data za watu zinaenda na RAW, fomula zangu zinaenda peke yake na USER_ENTERED. openpyxl nayo inafanya kila maandishi yanayoanza na = kuwa fomula, kwa hiyo yale yanayotoka kwa watu yachuje kabla.

Na kwenye API hiyo usitume ombi moja kwa kila seli, utagonga kikomo cha maombi kwa dakika mapema sana. Kama fomula ni ileile inashuka chini, repeatCell ndani ya batchUpdate (ombi moja linalobeba mabadiliko mengi) unaipa fomula ya mstari wa kwanza na inasogeza marejeo yenyewe kwa mistari inayofuata.

openpyxl haisogezi kitu. Ukitumia insert_rows katikati ya shiti, fomula zilizokuwa chini zinabaki zikielekeza kulekule kwa zamani. Panga mistari yako yote kwanza, fomula ziandike mwisho.

Lakini kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la namba ya mstari. Data inaanza mstari wa 2 kwa sababu ya kichwa, kitanzi chako kinaanza 0, openpyxl inahesabu kuanzia 1, XlsxWriter ukimpa mstari na kolamu kwa namba inahesabu kuanzia 0 lakini ndani ya fomula ni B2 ileile. Ukikosea kwa moja hakuna #REF! (kosa la Excel la rejeo lililovunjika) wala onyo, kila bidhaa inapata jumla ya jirani yake na namba zinaonekana za kawaida kabisa. Kwa hiyo kila skripti yangu baada ya kupitisha faili LibreOffice inalifungua na data_only, inachukua mstari wa kwanza wa data, wa mwisho na mmoja wa katikati, inapiga hesabu ileile kwenye Python na kulinganisha, ikitofautiana hata kwa senti skripti inasimama na faili halitumwi.